Lumbesa ya Mzee Mwinjuma

Siku hiyo sokoni Majengo, mjini Sumbawanga, palikuwa hapatoshi kwa watu. Naima, binti pekee wa Mzee Mwinjuma mnunuzi wa mahindi, alichuchumaa mbele ya vitabu vya mtumba vilivyotandazwa chini, baibui lake jeusi kalikunja lisiguse vumbi. Akanyoosha mkono kuokota kijitabu cha Umaksi. Mkono mwingine ukamuwahi.

"Samahani dada, hicho nakihitaji sana."

"Na hicho kinene ulichokikumbatia?"

Kijana akacheka kwa aibu. Shati lake la drafti lilikuwa limepigwa pasi hadi kola. "Nimekianza mara nne. Kila nikifika ukurasa wa sita, nasinzia."

"Ala! Hujafika la kwanza unakimbilia la saba! Anza na chembamba, mwenzangu. Tena tukisome wote, nisije nikakulipia mimi ukakimbia nacho."

Mapenzi nayo, jamani, hayapigi hodi! Flavian, ndilo jina la kijana yule, mtoto wa wakulima wa kijijini Matai, akawa hakosi Jumamosi hata moja kwenye kibanda cha chai. Ukurasa mmoja, ubishi saa nzima. Kilichowashinda ni somo la thamani ya ziada. Flavian aliisoma hadi jasho likamtoka, na baridi yote ile ya Sumbawanga.

"Mbona rahisi, mpenzi," Naima alisema, akishusha sauti. "Baba ananunua kwa lumbesa, hata huko kwenu. Gunia likijaa, anashonea wavu juu, anajaza tena, ndicho kilemba. Mkulima analipwa gunia moja. Kile kilemba ni jasho lake, na halilipwi."

"Si hichohicho hasa kilichoandikwa, lakini sasa naona! Naima, nitakuoa kwa akili hiyo tu."

"Na sura yangu je, umemwachia nani?"

Flavian aliporudi Matai, akaanzisha kikundi cha wakulima cha kusoma. Jioni ya kikao cha kwanza akampigia Naima simu, sauti imejaa furaha.

"Kipenzi, lumbesa yako wameielewa wote! Nikawaambia wazi, hii sikuitoa kitabuni, nimefundishwa na Naima wa Mzee Mwinjuma."

Naima alifunga mlango, baba asisikie. "Umenitaja, Flavian? Umemtaja baba?"

"Sasa nikuibie hoja yako? Ningekuwa mnyonyaji na mimi."

Wiki iliyofuata Mzee Mwinjuma alirudi kutoka Matai na lori nusu tupu. Wakulima walikuwa wamemkatalia kilemba, wakamwambia machoni kwamba hata mwanawe wa kumzaa kasema ni wizi. Hakumgombeza binti yake. Alivua kofia, akaketi.

"Kilemba hicho, mwanangu, ndicho kilichokusomesha."

Basi, akainuka akaenda ghalani kwake. Kila asubuhi Naima alimwamkia shikamoo, naye akampita kama hakusikia. Mama alikwishafariki, nyumba nzima ni wao wawili. Siku tisa zilikatika hivyo, na Naima akakonda.

Siku ya kumi Flavian akaja. Walikutana stendi, kijana kavaa koti jipya la kuposea.

"Nisamehe, Naima. Twende Matai, tuoane."

"Nilishakusamehe siku ileile. Ulisema kweli, na aliyekupa ni mimi."

"Sasa tatizo nini?"

"Baba ana miaka sabini. Wa kumwambia ukweli wapo wengi, Flavian. Wa kumpikia uji ni mimi peke yangu."

"Hata nikimwangukia miguuni?"

"Kila akikuona atakumbuka aibu yake. Usinipigie tena, mpenzi wangu. Nakuomba."

Flavian akalia palepale mbele za watu, wala hakujificha. Naima alimfuta machozi kwa ncha ya mtandio, kisha akaondoka upesi kabla moyo haujamgeuka.

Ghalani alimkuta baba anashona gunia, limejazwa usawa wa mdomo tu, bila kilemba.

"Shikamoo, baba. Yule kijana nimemwacha."

Mzee akavuta uzi, akafunga fundo, akainua macho.

"Marahaba, mwanangu."

Naima akaingia jikoni, akabandika maji ya uji. Marahaba aliyoisubiri siku tisa alikuwa ameipata, na kwa bei hiyo hakuitaka tena.