Vidole Vinne Kulia, Viwili Kushoto

Jambo la kwanza lisilokaa sawa lilikuwa dogo, na Orijino aliliona kwa macho yake akalipita. Mwenye gari, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, alikuwa keshampa ufunguo na karatasi zote. Kisha mzee yule akalizunguka gari, akafungua mlango wa nyuma wa kushoto, akasimama kando akiushikilia, kama mtu anayengoja mwenzake ashuke. Hakushuka mtu. Akaufunga taratibu bila kuubamiza.

"Bawaba zina shida, Mwalimu?" Orijino aliuliza.

"Hapana, mwanangu. Mazoea tu." Alikuwa akitazama chini. "Nenda nalo salama. Na usinipigie simu."

Mtu mwenye akili timamu angeuliza maswali mawili matatu. Lakini wagonjwa wa magari ya kizamani hawana akili timamu mbele ya gari wanalolitaka. Gari bovu la jirani wanaliona bovu, la kwao wanaliona lina historia. Orijino alikuwa bingwa wao. Jina hilo alipewa gerejini kwa sababu hakubali kipuri cha kubahatisha. Akitafuta mpini wa kufungulia dirisha atazunguka miezi mitatu kwa wakata magari mabovu mpaka apate ule ule uliotoka kiwandani. Kile kilichoharibika nacho hakitupi. Anakisafisha, anakifunga kwenye gazeti, anakiweka stoo. Mkewe alikuwa akisema hiyo stoo ikipata injini itaondoka yenyewe.

Hili gari hasa alilitafuta miaka sita. Marehemu baba yake alikuwa nalo la aina hiyo hiyo, la rangi ile ile ya maziwa, na ndilo lililomleta mama yake nyumbani siku ya harusi, bibi harusi akiwa nyuma kwenye kiti cha kitambaa chenye mistari ya kahawia. Sasa mama huyo alikuwa na zaidi ya miaka sabini, amefanyiwa upasuaji wa macho, na macho yote mawili yamefungwa bandeji kwa mwezi mzima. Orijino alikuwa na nia moja tu. Siku bandeji itakapotolewa, kitu cha kwanza mama yake atakachokiona nje ya hospitali kiwe gari lile, linang'aa, na ndani kile kiti cha mistari ya kahawia. Mama mwenyewe hakuambiwa kitu. Alijua amepanda gari la mwanawe, basi.

Jumamosi ya kwanza, akiliosha, aliona limeinama. Akachuchumaa, akapima kwa mkono nafasi iliyopo kati ya tairi na bodi. Gurudumu la nyuma kulia viliingia vidole vinne. La kushoto viliingia viwili.

Springi imechoka, akajisemea, na akafurahi, maana kazi ni ugonjwa wake na dawa yake. Akanunua springi mbili mpya, akazifunga kwa mkono wake, akashusha jeki. Vinne kulia, vinne kushoto. Akaingia ndani kunywa chai. Alipotoka, vinne kulia, viwili kushoto.

Akabadilisha shokomzoba. Akabadilisha mipira ya springi. Akasogeza gari mahali pengine akidhani ardhi ndiyo yenye mteremko. Akaanza kupima asubuhi kabla ya kazi na jioni kabla hajavua viatu, na mara nyingine akiwa mezani anainuka ghafla na tonge mkononi, anatoka nje, anachuchumaa, anarudi na uso umekunjamana. Hakutulia. Mkewe alimwuliza kama hiyo tairi ndiyo mke mdogo.

Siku ya kumpeleka mama kliniki, mkewe alimsaidia mama kukaa nyuma upande wa kulia, akamfunga mkanda, akarudi ndani. Gari likaondoka. Hawajafika hata barabara ya lami, mama akajisogeza mlangoni.

"Mkeo naye anakwenda?"

"Hapana, Mama. Amebaki nyumbani."

"Basi mwambie huyu mwenzetu avute miguu, kaniegemea."

Orijino akatazama kwenye kioo. Mama yake alikuwa amebanana na mlango, mikono mapajani, uso wenye bandeji nyeupe umeelekea mbele. Kando yake hapakuwa na mtu. Ila kitambaa cha mistari ya kahawia kilikuwa kimebonyea, na akiwa anatazama, kile kibonyeo kikahama kidogo, kama mtu anayebadilisha tako lililochoka kukaliwa.

"Shikamoo," mama alikuwa akisema kwa adabu upande ule. "Sikusikia ulipopanda. Macho yangu yana bandeji, unisamehe."



Alipomrudisha mama nyumbani, Orijino alikwenda moja kwa moja kwa Fundi Ndevu, rafiki yake tangu shule, ambaye gereji yake iko nyuma ya kiwanda cha matofali. Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi, watu wanapiga nyundo kila upande. Hakusema alichokiona. Alisema tu, springi ya kushoto inalala.

Fundi Ndevu akachukua bisibisi yake ndefu. Ndiyo inayotumika gerejini kusikiliza chuma: ncha unaiweka palipo na kelele, mpini unaubana sikioni, na ugonjwa wa ndani unausikia kama daktari. Akalala chini ya gari, akaweka ncha pale springi inaposhika bodi. Akasikiliza. Mkono wake mwingine uliokuwa ukipigapiga bodi ukasimama hewani.

Akatoka chini ya gari. Akampa Orijino bisibisi.

Orijino akalala pale pale, akaweka mpini sikioni, na mwanzo hakusikia kitu isipokuwa nyundo za jirani zikija kwa mbali kupitia chuma, halafu, chini ya nyundo hizo, akasikia kitambaa kikikwaruza, mtu anajigeuza kulia, anajigeuza kushoto, anapata mkao anauacha, na pumzi ndefu za mtu aliyesubiri sana mahali padogo, na katikati ya pumzi hizo mlio mkavu wa vidole vinavyolizwa viungo kimoja kimoja, kaa, kaa, kaa, na yeye bila kujua kwa nini akawa anavihesabu, vitano, kumi, kumi na mbili, kumi na tano, na vikawa bado vinaendelea.

"Umehesabu?" Fundi Ndevu alinong'ona.

"Nimehesabu."

"Toa gari hili gerejini kwangu. Nakuomba kama ndugu yangu. Nitakusukumia mwenyewe, usiwashe hata injini."

Mkewe alipoambiwa hakucheka. Siku ya pili akaleta mganga, bibi mfupi mwenye kitenge na raba za michezo, ambaye alilizunguka gari mara moja, akapiga tairi teke, na kuuliza linakula mafuta kiasi gani. Orijino akapata moyo. Kisha bibi yule akafungua mlango wa nyuma wa kushoto, akasimama kando akiushikilia. Alingoja. Akaufunga.

"Hashuki," alisema kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kuamsha mtoto. "Huyu aliahidiwa kupelekwa mahali, hakufikishwa. Kila dereva anampeleka anakotaka dereva. Ndiyo maana hatulii."

"Yuko kwenye springi, bibi?" Orijino aliuliza.

"Baba, jini akae kwenye springi ana wazimu? Amekaa kwenye kiti, kama wewe unavyokaa. Chuma cha gari hakina neno. King'oe hicho kiti chote, mgongo na makalio, ukichome kabla jua halijazama, mbele yangu, kibaki jivu. Kitambaa kisibaki hata uzi."

Hapo ndipo moyo wa Orijino ulipokufa. Angeambiwa achome injini, angeichoma. Kitambaa kile hakitengenezwi tena popote. Aliwahi kukitafuta, anajua. Mama yake angetoa bandeji aone nini? Ubao?

"Kesho, bibi," alisema. "Leo sina spana ya kukifungulia."

Uongo. Spana alikuwa nazo arobaini. Jioni ile alikwenda kwa wakata magari, akachukua kiti cha nyuma cha gari jingine, kilicholiwa na panya, akakivika shuka la kahawia. Kile chenyewe akakifungua, akakifunika turubai, akakibeba mpaka stoo. Kesho yake bibi mganga akasoma maneno yake, akanyunyizia maji, akatazama moto ukila kiti cha panya mpaka chini. Alitazama lile jivu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Umechoma ulichochoma," alisema, akaenda zake.

Lakini gari lilikaa sawa! Vinne kulia, vinne kushoto. Asubuhi vinne, jioni vinne. Orijino akapiga rangi bampa, akang'arisha taa mbili za mviringo, akapiga mluzi. Mkewe tu ndiye hakuwa na raha. Siku moja alimshika mkono jikoni.

"Ulichoma nini siku ile?"

"Kiti."

"Kipi?"

Orijino akatoka nje kulifuta gari. Mficha maradhi, kifo humfichua. Kila mtu anaujua msemo huo, na kila mtu anadhani ulisemwa kwa ajili ya jirani.

Stoo ilipakana na chumba cha mama. Siku ya tatu mama alilalamika kwenye chai ya asubuhi. "Huyo mgeni mliyemlaza chumba cha pili, hana kitanda? Usiku kucha anajigeuza."

"Ni panya, Mama."

"Panya halizi vidole, mwanangu."

Tangu hapo Orijino hakulala vizuri. Alijiambia mganga amesoma, maji yamenyunyizwa, kilichobaki stoo ni sponji na kitambaa. Alijiambia hivyo akinyoa, akivuka barabara, akisaini karatasi ofisini, na kila alipofika mwisho wa kujiambia ilimlazimu aanze upya. Alitaka kitu kimoja tu, mama yake aone. Mtoto kumfurahisha mama yake mara moja kabla hajafa, hilo nalo ni kosa?

Asubuhi ya kutolewa bandeji, mkewe alitangulia na mama hospitali kwa teksi. Orijino alibaki, akafungua stoo, akatoa turubai. Kiti kilikuwa safi, mistari yake ya kahawia imenyooka. Siku ya kukitoa alikibeba peke yake. Sasa alikiburuta, anapumzika, anakiburuta, jasho likimchuruzika mpaka viatuni, na kila alipopumzika alihisi kiti nacho kinapumzika. Akakifunga kwenye gari, boliti sita, mahali pake. Kikakaa kama hakijawahi kutoka.

Na kwa mara ya kwanza tangu alinunue gari lile, hakuchuchumaa kupima.

Daktari alisema kazi imekwenda vizuri mno, mama ataona mpaka tundu la sindano. Mama alitoka mlangoni ameshikwa na mkaza mwanawe, bandeji imekunjwa kiganjani, anapepesa macho kwa mwanga. Akaliona gari. Akasimama.

"Hili…" alisema. "Hili si la baba yako?"

"La aina yake, Mama. Rangi yake. Fungua mlango uone kiti."

Mama alicheka huku analia, akagusa bodi kwa ncha za vidole, akagusa taa moja, akaliita gari kwa jina la utani ambalo mumewe aliliita gari lake, jina ambalo Orijino hakuwahi kulisikia. Orijino naye machozi yalimtoka, na hakuona haya. Kwa dakika moja ile alipata kila alichokitaka. Mama akafungua mwenyewe mlango wa kulia, akaingia, akajinyoosha kwa furaha kama msichana, akageuka kushoto kukipapasa kitambaa.

Mkono wake ukasimama.

Orijino, akiwa nje bado, aliona gari likishuka. Halikushuka kwa kishindo. Lilishuka polepole, upande mmoja, kama mtu aliyekuwa ameketi ukingoni kwa adabu na sasa ameamua kujiachia. Akachuchumaa. Kulia, alipokaa mama yake, viliingia vidole vitatu. Kushoto hakikuingia hata kimoja.

Akakimbilia upande ule, akafungua mlango wa kushoto, akasimama kando akiushikilia. Akangoja. Wauguzi walipita, mtu wa maua akapita, mkewe akawa anamwuliza kwa midomo bila sauti, kuna nini, kuna nini, na yeye anangoja, akimwomba mtu asiyemwona ashuke, ashuke tu, aende anakokwenda, na springi haikupanda hata unywele.

"Mama," alinong'ona. "Shuka. Tafadhali shuka, twende kwa teksi."

Mama yake hakugeuza shingo. Macho yake mapya, meupe, safi, yalikuwa wazi kabisa, yamekazwa mahali palipokuwa patupu kando yake, kimo cha uso wa mtu mrefu.

"Kanishika mkono," alisema taratibu. "Nikishuka, tunashuka wote. Siku ile ya kliniki nilikuwa nampisha huyu?"

"Mama…"

"Usilie. Funga huo mlango, usiubamize." Kwa mkono wake ulio huru alinyoosha bandeji iliyokunjwa. "Njoo unifunge macho, mwanangu. Yafunge sana."

Orijino akafunga mlango wa kushoto taratibu, akazunguka, akayafunga macho ya mama yake, mizunguko miwili, mitatu, minne, akapiga fundo kisogoni. Mama akavuta pumzi. Kisha akajisogeza mlangoni, akakusanya nguo yake mapajani, akampisha mwenzake akae vizuri.