Hezron, Funga Mdomo

"Umeniaibisha, Hezron!" Sekela alifoka nyuma ya jiko la mama yake. "Uliambiwa ukae kimya tu!"

Kijijini kwao Mbebe, siku ya posa anayesema ni mshenga. Muoaji hafungui mdomo mpaka baba wa binti amwite mkwe. Hezron, aliyerudi juzi kutoka migodi ya Kitwe na kichwa kilichojaa habari za redio, alijitahidi. Kisha Tuntufye, baba mdogo wa Sekela, akasema uchaguzi wa Marekani wa mwaka huu, 1948, ameshinda Dewey. Hezron akaruka: "Truman!" Mzee Mbonile, baba yake Sekela, akasimama, na posa ikaishia hapo.

"Lakini Sekela, huo ndio uchaguzi mtamu kuliko wote! Kila mtu alisema Truman kwisha, gazeti moja likachapa kabisa kwamba..."

"Hezron!"

"Si kama ule wa 1820. Ule ulipooza! Monroe hakuwa na mpinzani..."

"Wewe unaye. Amoni kaleta mshenga wake jana. Baba kakupa Jumamosi, uje na jembe la kuomba radhi. Ukitamka neno tena, naolewa na Amoni. Nakupenda, mjinga wewe. Usinifanyie hivi."

Jumamosi jembe likapokelewa. Mshenga Kasiani akasema yote yaliyopaswa kusemwa, Sekela akichungulia mlangoni. Tuntufye, aliyempendelea Amoni, akakohoa makusudi.

"Hata Roosevelt, 1936, aliponea chupuchupu."

Mishipa ikamsimama Hezron shingoni. Jasho likamtiririka. Sekela alitamani kwenda kumziba mdomo kwa kiganja. Lakini Hezron aling'ata midomo, akatazama chini.

"Haya, mkwe," hatimaye Mzee Mbonile alisema. "Karibu nyumbani."

Machozi yakamtoka Sekela kwa furaha. Hezron akapiga magoti, akamshukuru baba, akamshukuru mama. Halafu akamgeukia Tuntufye.

"Baba mdogo, kwa heshima zote, Roosevelt alizoa majimbo yote isipokuwa mawili. Uchaguzi ule haukuwa na utamu wowote, kwa sababu..."

Kasiani alijishika kichwa. Mzee Mbonile akamwita binti yake, akamtazama kwa huruma.

"Mwanangu, bado unamtaka huyu?"

Sekela akashusha pumzi ndefu.

"Namtaka, baba. Namtaka hivyo hivyo. Ila mwambieni Amoni asiharakishe kuoa."