Picha Iliyotoweka Kambani

Kila asubuhi, chai ikiwa bado ya moto, Profesa alisimama mbele ya kamba yake. Alikuwa na umri wa miaka sita na hakuwa na shahada hata moja. Jina hilo alipewa na shangazi kwa sababu hakukuwa na kitu alichokipita bila kukichunguza. Profesa alikuwa na usonji. Hakusema, na jambo lolote la ghafla lilimtia hofu. Kwa ushauri wa mwalimu wake, mama alifunga kamba ukutani na kubana picha kwa vibanio vya nguo: kikombe, mswaki, viatu, begi la mama, na mwisho mama mwenyewe akiingia mlangoni. Kila jambo lilipokwisha, Profesa alitoa picha yake na kuitia katika kopo. Ile ya mwisho ilibaki mchana kutwa, mpaka mama arudi kutoka chuo kikuu.

Dada yake, msichana wa darasa la sita, aliitwa Chiriku kwa jinsi alivyopenda kusema. Lakini siku hizi aseme na nani? Baba, dereva wa lori, alikuwa safarini. Mama alisomea hisabati, na akirudi alikaa sakafuni na Profesa. Profesa akilala, mama alifungua vitabu. Chiriku akifungua mdomo tu, aliambiwa, "Subiri kidogo, mwanangu." Kidogo hicho hakikuisha.

Jioni moja Chiriku aliingia mbio kutoka shule. Mama alikuwa anapaka rangi picha mpya, maana ile ya mwisho ilikuwa imechakaa.

"Mama, nimechaguliwa kuwa kiranja!"

"Vizuri sana," mama alisema bila kuinua macho. "Hebu nipe hiyo rangi nyekundu. Kesho nina mtihani wa mwisho, sitaki Profesa asumbuke."

Chiriku alimpa rangi, roho ikimwuma. Vizuri sana! Hata ukimwambia mama kwamba paka wa jirani amezaa, utajibiwa hivyo hivyo. Profesa akivaa kiatu mguu unaostahili, nyumba nzima hupiga makofi. Yeye amekuwa kiranja, anatumwa rangi! Alimtazama mdogo wake kwa kijicho. Profesa alikuwa anazungusha gurudumu la gari lake, hana habari.

Asubuhi, Profesa alipoinama kuvaa viatu, Chiriku aliichomoa ile picha mpya na kuitia mfukoni mwa sare. "Na yeye akose, hata siku moja," alijisemea.

Mama alichukua begi. Profesa akatoa picha ya begi, kisha akatazama kibanio cha mwisho. Kilikuwa kitupu. Alikigusa, akachungulia ndani ya kopo, akapiga yowe na kuukumbatia mguu wa mama. Kwake yeye, kama picha ya mama kurudi haipo, basi mama harudi.

Shangazi, fundi cherehani, alikuja mbio kutoka chumba cha pili, utepe wa kupimia ungali shingoni. "Kuna nini tena?"

"Picha imepotea, wifi! Chiriku, umeiona?"

"Sijaiona," Chiriku alijibu upesi.

Walitafuta chini ya meza na nyuma ya kabati. Mama akachora nyingine harakaharaka, Profesa akaitupa. Alizidi kulia mpaka sauti ikamkauka. Mama alitazama saa, akalitua begi na kukaa sakafuni.

"Basi. Siwezi kumwacha hivi. Nitarudia mtihani mwaka ujao."

Si ndivyo Chiriku alivyotamani siku zote, mama abaki nyumbani? Lakini machozi yalikuwa yanamtoka mama, na mkono wake ulikuwa mgongoni mwa Profesa. Hata kukosa mtihani, anakosa kwa ajili ya Profesa! Wivu ulimpanda Chiriku. Kisha ukageuka aibu. Mama atapoteza mwaka mzima kwa sababu ya kitu kilichomo mfukoni mwake.

"Ninayo mimi, mama," alisema. "Niliificha."

Shangazi alishika kiuno. "Ala! Yaani leo ndiyo umejua kunyamaza, Chiriku?"

Profesa aliinyakua picha, lakini mambo hayakuishia hapo. Utaratibu ulikuwa umevunjika, lazima aanze upya. Alizirudisha picha zote kambani. Chiriku akapiga magoti kando yake, akampa kikombe cha chai iliyopoa. Mswaki tena. Viatu vikavuliwa, vikavaliwa tena. Chiriku alipojaribu kumharakisha, yowe lilikaribia kurudi, akajifunza kungoja. Hivi ndivyo mama alivyofanya kila asubuhi, huku kichwa kimejaa hesabu! Mwishowe Profesa alitoa picha ya begi, na mama akatoka mbio.

Siku hiyo kiranja mpya alichelewa shule, akaanza kazi kwa kuokota takataka uwanjani.

Jioni mama aliporudi, Profesa alitoa picha ya mwisho na kwenda zake kuchezea gurudumu.

"Nimekuta wanataka kufunga mlango," mama alisema. "Nimeufanya mtihani. Sasa niambie, kwa nini uliificha?"

"Nilimwonea wivu," Chiriku alisema. "Nisamehe, mama."

"Wivu ni maradhi kama mengine," alidakia shangazi, "na mficha maradhi, kifo humuumbua."

Mama alimvuta Chiriku karibu. "Nimekusamehe. Mdogo wako akiumia hupiga yowe, sote tukamkimbilia. Wewe umekuwa ukilia kimyakimya, nami sikukusikia. Hilo ni kosa langu. Lakini kumwumiza mwingine ili usikike, hilo ni kosa lako. Ukiumia, sema. Nikikwambia subiri, niulize mpaka lini."

Chiriku alifuta machozi. "Mpaka lini, mama?"

Mama alivifunga vitabu vyake. "Mpaka sasa hivi. Haya, kiranja, nakusikiliza."