Tonton wa Chini

Mtoto ambaye angali anajikojolea anaweza kutunga uongo wa kumshitaki mtu mzima? Jibu kwanza, moyoni mwako. Mimi nitakuhadithia yaliyompata Kambere, jirani yangu wa commune ya Ruwenzori, hapa Beni, wakati ule wa waasi. Nikimaliza, utapima kama jibu lako lingali limesimama.

Kambere alikuwa na licence, shahada ya chuo kikuu. Licence ya kweli, na cachet, na signature ya recteur. Lakini mouvement ya waasi ilituletea barrière za askari kila kona; kazi, hapana. Donc mke wake Rébecca alishinda sokoni akiuza mafuta ya mawese, na Monsieur le licencié akabaki nyumbani kupangusa kamasi za Bénite, binti yao.

Bénite alikuwa redio isiyozimika. Alianza kusema kabla hajafungua macho.

"Papa, mbuzi iko na ndevu juu ya nini? Mama yake hana wembe?"

"Papa, Mungu anaendaka toilette?"

Siku moja alimtazama baba yake vizuri, kutoka miguu mpaka kichwa. "Papa, kazi yako ni kukaa?"

Kambere alicheka mpaka machozi yakatoka. Kisha kicheko kikaisha, machozi yakaendelea kidogo.

Ndipo akatoa radio-cassette ya zamani, akaweka kaseti ya chorale ya kanisa ambayo hakuna aliyeihitaji tena, na kila Bénite alipofungua kinywa, papa alibonyeza kile kitufe chekundu cha kurekodi. "Tutamusikilizisha siku ya mariage yake," alimwambia Rébecca. "Bakwe batakimbia."

Redio ile ilikuwa ya Jéthro, kaka mkubwa wa Kambere. Na Jéthro, lazima nikueleze.

Kabla Bénite hajazaliwa, askari wa mouvement walimkamata Jéthro kwenye barrière, eti anawapelekea chumvi Mai-Mai, wapiganaji wa msituni. Nani alimsema? Hatukujua. Rafiki yake Muyisa, aliyekuwa na mjomba mkubwa katika mouvement, akajitolea kwenda kuuliza kwenye kambi upande wa Mavivi. Alirudi macho mekundu. "Bameshamuua. Bamemutupa mu mto Semuliki. Musiende kule kuuliza, batabakamata na ninyi."

Basi familia ikafanya kama wazee walivyofanya kwa mtu aliyepotelea mbali bila mwili kurudi. Koko Kanyere, mama yao, alikata mgomba, akauvalisha shati la mwanawe, wakauzika nyuma ya jikoni na kulia matanga. Mgomba ukishaingia udongoni, mambo yamekwisha. Hakuna anayeenda tena kumtafuta mtu aliyezikwa. Muyisa mwenyewe alishika mpawo, koleo la kufukia, akalia kutushinda sote. Halafu, kwa huruma yake, akachukua shamba la mapapai la marehemu, lisije likawa pori. Bénite alipozaliwa, tulimpa awe parrain wake, baba wa ubatizo.

Merci beaucoup, Muyisa.

Asubuhi moja Bénite alikula nusu ya maharage yake, nusu akaisukuma chini ya kiti.

"Ya nani hiyo?" Kambere akauliza, kidole tayari kwenye kitufe.

"Ya Tonton wa chini. Iko na njaa." Tonton, kwetu, ni ndugu wa baba au wa mama.

"Ah bon! Na anasema nini, huyo Tonton?"

Mtoto akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlangoni. "Anasema muko batu ba haraka."

Nyumba nzima ilicheka. Hata Koko, ambaye kicheko chake kilikuwa kimezikwa pamoja na ule mgomba, alitoa sauti.

Ikawa mchezo. Kila chakula, fungu la Tonton. Kisahani chekundu cha plastiki cha Bénite kilipotea, Rébecca akagombana na kuku, na Kambere akaendelea kurekodi.

Mpaka siku ile Bénite aliposema, bila kuulizwa, "Tonton anakuita Diriktere."

Kambere hakucheka.

Diriktere. Mtu mmoja tu duniani alimwita hivyo, kumtania kama mkurugenzi mwenye diplome isiyo na bureau. Jina lile lilikuwa halijatamkwa humo nyumbani tangu matanga. Alitazama chini ya kiti. Palikuwa pakavu. Hata punje ya haragwe hapana.

Dimanche, baada ya misa, Muyisa akaja na biskuti kama kawaida yake. Koko akampa kiti kizuri. Redio ilikuwa mezani, kitufe kimebonyezwa. Kambere alikuwa akimrekodi Bénite akiimba.

Mtoto aliacha wimbo katikati. Hakuzipokea biskuti.

"Parrain, Tonton anasema ulikuja kumuona mu shimo."

Kijiko cha Muyisa kikasimama ndani ya chai.

"Shimo gani, mama?" Kambere akanong'ona.

"Shimo ya basoda ba kambi. Alikutuma umutafutie chakula, Parrain. Alisema, bambie ndugu zangu baniletee chakula." Akainama tena. Akasikiliza. "Ukasema hapana. Ukasema, balishakuzika."

Nje, jogoo mmoja akawika.

Muyisa hakusema mtoto anaota. Hakusema mtoto anadanganya. Alikuwa akitazama kile kitufe chekundu.

"Zima," alinong'ona. "Kambere. Zima hiyo kitu."

Akaondoka. Kofia yake ilibaki kwenye kiti.

Kambere alikaa. Akaelewa polepole, kama mtu anayeingia maji baridi. Huku kwetu mfungwa hapewi chakula na waliomfunga. Anakula kile watu wake wanachomletea. Na watu wa Jéthro walikuwa nyumbani, wakimlilia, wakinywa kasiksi, pombe ya ndizi, ya matanga yake. Hawakumletea kitu. Nani anampelekea fufu mtu aliyezikwa?

Alirudisha kaseti nyuma. Akabonyeza.

Sauti ya mtoto: wimbo. Biskuti. "Parrain." Swali lake mwenyewe: shimo gani, mama? Halafu, kabla ya jibu la Bénite, ile nafasi ndogo.

Ndani ya ile nafasi, mtu alikuwa anatafuna.

Polepole. Kwa adabu. Kama mtu aliyengoja sana, anayeogopa chakula kisije kikaisha.

Koko alisogeza sikio. "Rudisha," alisema. Kambere akarudisha. Mama yule mzee alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Alikuwa anatafunia upande mmoja," akanong'ona. "Tangu lile jino. Ni yeye." Kisha: "Chukua mpawo."

Walichimba jua likiwa kali, majirani wote ukutani. Mimi nilikuwepo. Udongo ulikuwa mgumu kama tofali, mizizi ya majani imeushona. Hakuna jembe lililokuwa limeugusa tangu siku ya matanga. Kambere alitoa jasho. Mgomba ulikuwa umegeuka nyuzi na maji meusi. Lakini shati lilikuwepo. Lilikuwa limekunjwa vizuri.

Koko akalifungua.

Ndani mlikuwa na kisahani cha plastiki. Chekundu. Alama ya meno ya Bénite pembeni. Kimelambwa mpaka kinang'aa.

Muyisa hajarudi. Wengine wanasema yuko Butembo, ana duka. Kaburi nyuma ya jikoni liko wazi mpaka leo. Koko amekataa lifukiwe. Kaseti nayo ipo. Bénite sasa ni msichana mkubwa, hakumbuki kitu, na kila chakula bibi yake anapakua sahani moja ya ziada.

Basi ninyi. Muyisa, ninakusema kwa jina. Na ninyi mabwana wa mouvement mliovua magwanda mkavaa cravate shingoni, mnaokuja kutuomba kura huku mkijua lile shimo la Mavivi mlilifukia nani akiwa ndani. Hatutaki pole zenu. Hatutaki commission. Mama anataka mfupa wa mwanawe, aondoe ile sahani mezani. Mutuonyeshe shimo liko wapi. Mutuonyeshe kwa kidole.