Pedali ya Kushoto

Kisa hiki kilimpata Bitutu, rafiki yangu wa Itumbe, na kila anapokisimulia haongezi neno.

Mama yake alikuwa ameumia mgongo kwa kubeba majani chai hadi kituo cha kuuzia, kwa hiyo Bitutu alitaka kufufua baiskeli ya marehemu babu yake. Ilikosa pedali ya kushoto tu. Siku ya mazishi nyanya yake aliifungua mwenyewe akaitia ndani ya jeneza, ili mzee aende na chake, asirudi kuidai baiskeli.

Bitutu alizunguka Nyamira na Keroka akiisukuma baiskeli, bure. Kila pedali mpya ilikataa kuingia. Kisii mjini, fundi Ogola aliangua kicheko.

"Dada, hii ni ya enzi za babu yako. Si umuulize yeye?"

Alirudi amelowa mvua, akaiacha baiskeli stoo. Alipopita kando ya kaburi, pale kwenye migomba, alimpigia babu yake kelele: "Sokoro, si unipe tu hiyo pedali! Kwani huko unaiendesha wapi?"

Mvua ilikuwa imeleta giza mchana. Aliporudi ndani ya stoo hakuona hata mkono wake, ila alisikia mnyororo ukilia: krii, krii, krii. Akawasha tochi ya simu.

Baiskeli ilikuwa imesimama kwa stendi yake. Pedali ya kushoto ilikuwa mahali pake, imejaa udongo mwekundu mbichi, inazunguka polepole. Na kila ilipofika chini, stendi ililalamika, kama inavyolalamika mtu mzito akiikanyaga pedali.