Anampigia Nani?

"Hii ipite bila ubishi," alisema mchora ramani, akifuta miwani kwa ncha ya shati. "Tangu asubuhi mnanionyesha watu wanaojikamua machozi. Hii imeniamsha."

Mhariri mkuu akaisogeza picha katikati ya meza. Alikuwa mama mtu mzima, mpole wa sauti lakini mkali wa kazi. Walikuwa wakitengeneza ensaiklopidia ya shule, na hakuna picha iliyoingia kabla ya kujibu swali lake.

"Uzuri wake nauona. Inafundisha nini ambacho maneno hayawezi?"

Mada ilikuwa Huzuni. Maandishi yalishakamilika, kilichobaki ni kiboksi cheupe kinachosubiri picha. Picha zenyewe zililetwa mezani bila jina la mpigaji, ili asibebwe mtu.

Mjumbe wa tatu alikuwa mwanamke kijana. Kazi yake ilikuwa kamati ya mimea, mambo ya majani na mizizi. Leo aliletwa huku kumshikia nafasi mwenzake aliyeugua.

Picha ilionyesha chumba kidogo, ukuta mmoja umepakwa rangi ya njano, mwingine bado. Kitanda cha mtoto kilikuwa kimefunikwa kwa nailoni iliyotoka nacho dukani, na mwanga wa dirishani ulikuwa umeiwasha nailoni yote. Sakafuni aliketi mwanamke, ameipa kamera mgongo, gauni limelowa, simu sikioni.

"Sijui anampigia nani, masikini," alisema mchora ramani.

"Mume wake," alijibu yule wa mimea.

"Umejuaje? Hata sura haionekani."

Aliisogeza picha karibu. Alikuwa akiangalia kitanda. Ubavu mmoja ulikuwa na picha za bata, na bata wote walikuwa wamesimama kwa vichwa. Mumewe alikiunganisha mwenyewe, akakataa kata kata kusoma maelekezo, na alipomaliza walicheka mpaka wakakaa chini. Alisema atakigeuza kesho. Kesho hiyo haikufika, maana mimba iliharibika.

Na siku iliyoharibika, mumewe alisema alikuwa studio, simu ameiacha kwenye chaji.

"Haikupangwa," aliendelea mchora ramani. "Mtu wa kuigiza huwa anatafuta kamera hata kwa kisogo. Huyu hajui kabisa kama kuna mtu nyuma yake."

"Hakujua," alisema yule wa mimea.

Mhariri mkuu alivua miwani.

"Mwanangu, unamjua aliyepiga picha hii?"

"Namjua, mama."

"Basi huna kura. Toka nje kidogo, utaratibu unaujua."

"Namjua na aliyepigwa." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo ndilo lililotisha. "Ni mimi."

Mchora ramani alirudisha kiti nyuma. Mhariri mkuu aliigeuza picha ikalala kifudifudi.

"Imetoka. Haiingii. Mtu aliyepigwa katika hali hii lazima aridhie, na wewe huna haja hata ya—"

"Naridhia."

"Usijibu leo. Nenda nyumbani, ulale, ulie."

"Mama, mimi nimeshalia. Wewe jibu swali lako. Inafundisha?"

Yule mama aliigeuza picha tena, akaitazama.

"Inafundisha," alisema kwa unyonge. "Mungu anisamehe, inafundisha."

"Basi iingie. Ila si kwenye Huzuni. Huzuni mnazo picha za kutosha. Iwekeni kwenye Upweke, na maelezo ya chini niandike mimi."

Mchora ramani alimsukumia kalamu bila kumtazama usoni. Akaandika mstari mmoja. Mhariri mkuu aliusoma, akafumba macho, akasaini.

Jioni, yule wa mimea akiwa njiani kurudi, alipata ujumbe wa wifi yake: *"Wifi, kaka'angu leo kanipigia anaimba! Eti kuna jambo kubwa. Umempa nini huyo? Mungu awape na mtoto mwingine, nije nibebe mbeleko."*

Aliusoma, akairudisha simu mkobani. Wifi yule alikuwa mtu mwema na hakustahili jibu lililokuwa kwenye vidole vyake.

Nyumbani alimkuta mpiga picha wake amevaa shati la sherehe, soda mbili mezani.

"Mke wangu! Kaa, kaa hapa. Nilikuwa nakuficha jambo."

"Najua."

"Hujui. Kuna picha nilituma ofisini kwenu, kamati ile nyingine. Imepita! Wameniandikia leo mchana. Niliitumia Huzuni, wao wameipeleka Upweke, lakini potelea mbali, imeingia! Vitabu vya shule nchi nzima, mwenzangu!"

"Nimeiona. Leo nilikaa kamati hiyo."

Soda aliyokuwa akiifungua ilibaki imefunguliwa nusu.

"Wewe... wewe si uko mimea?"

Haya, ndugu msomaji, mwanaume kaulizwa nini hapo? Hajaulizwa kitu. Lakini ameshajibu.

"Ulikuwa mlangoni," alisema mkewe.

"Nisikilize kwanza."

"Simu ilikuwa inaita mfukoni mwako. Mimi ndiye niliyekuwa napiga."

"Nisikilize. Nilipanda ngazi mbio, wallahi mbio. Nikafungua mlango, nikaona ule mwanga kwenye nailoni, na wewe pale... Kamera ilikuwa shingoni. Mkono ulienda wenyewe."

"Na simu?"

Aliinamisha kichwa.

"Niliizima mlio."

"Kwa nini?"

"Ungegeuka."

Mwanamke alikaa kwenye kiti. Njia nzima alikuwa akiombea uongo. Alitaka aambiwe ni picha ya kutengeneza, ni mtu mwingine, hata matusi angeyapokea. Sasa ameambiwa ukweli na hakuna mahali pa kuuweka.

"Halafu?"

"Halafu nikaona damu vizuri. Nikaogopa. Nikarudi nyuma taratibu, nikashuka, nikajifungia ndani ya gari. Nilitaka kupanda tena nijifanye nafika. Sikushuka garini."

"Jirani ndiye aliyenibeba. Yule mzee wa mgongo mbovu."

"Niliwaona mkitoka."

"Ulituona."

"Niliwafuata kwa nyuma mpaka hospitali!"

"Ukaingia wodini unalia kama mtoto. Eti chaji. Na mimi, nimelazwa, nina dripu mkononi, nikakubembeleza. Nikakwambia si kosa lako. Unakumbuka?"

"Nakumbuka kila siku."

"Mimi nilikuonea huruma, baba. Mwaka mzima nakupunguzia mzigo usiokuwa nao, kumbe unao mwingine na unautafutia kitabu."

Mumewe alipiga magoti. Alilia kweli, si machozi ya kukamua. Mkewe aliyajua machozi yale na bado alimpenda, na hilo lilimuuma kuliko picha.

"Nitaiondoa. Kesho asubuhi naenda kuiondoa."

"Usiiondoe. Nzuri. Ndiyo picha bora uliyowahi kupiga, na mimi mwenyewe nimeiridhia. Ila maelezo ya chini nimeandika mimi. Soma."

Alimpa karatasi. Akasoma kwa midomo, kama mtu anayejifunza:

*"Mwanamke akimpigia simu mumewe, aliyesimama nyuma yake."*

Pembeni, kwa herufi ndogo, palikuwa na jina lake yeye mpiga picha, kama alivyolitamani tangu ujana.

"Mke wangu, badilisha hii. Nakuomba. Watu watasoma."

"Ensaiklopidia haiandiki uongo. Nionyeshe neno ambalo si kweli, nikalifute."

Alisoma tena. Akasoma mara nyingine, kidole kikipita chini ya kila neno, kikirudi mwanzo. Mkewe alimsubiri. Moyoni alikuwa bado anamtakia apate neno, hata moja.

Hakupata.

"Sema basi nifanye nini," alinong'ona. "Nipige. Nifukuze. Sema."

"Kageuze ule ubavu wa kitanda," alisema mkewe. "Ukipata mtu wa kumpa, umpe kikiwa sawa."

Akachukua mkoba. Nguo angezifuata siku nyingine, au asingezifuata. Aliufungua mlango, ule ule, akaanza kushuka ngazi.

Alikuwa katikati simu ilipoanza kuita mkobani. Hakuhitaji kuangalia jina. Alimsikia akipumua pale juu, mlangoni, simu sikioni, akisubiri ageuke.

Akaingiza mkono mkobani, akazima mlio, akaendelea kushuka.