Vyoo Juu ya Chemchemi

Kila asubuhi Josephina aliteka maji chemchemini, akapika uji, kisha akapanda mlimani kupalilia kabichi. Lakini wiki hiyo hakwenda shamba. Kuhara kulikuwa kumemuua binti yake, Cecilia. Sasa mwanawe mdogo, Dominiko, naye alikuwa anahara.

Anastasia, binti wa kaka yake Josephina, alikuja likizo kumsalimia mama yake. Alizaliwa huko huko Uluguru. Masista walimsomesha Morogoro mjini, akaenda Chuo Kikuu, akawa mhandisi wa maji. Sasa alifundisha chuoni.

"Shikamoo, shangazi. Mtoto anakunywa maji gani?"

"Marahaba. Ya chemchemi. Meupe kabisa!"

"Mchemshie. Na leo hii mpeleke zahanati."

Anastasia alijaza maji ya chemchemi kwenye chupa, akayapeleka maabara mjini. Aliporudi, alikuwa amekunja uso.

"Maji yana vijidudu vya mavi. Nani aliamuru vyoo vichimbwe pale juu ya chemchemi?"

"Ndugu Eustace, yule ofisa aliyetuhamishia kijiji hiki kipya. Tulimwambia chemchemi iko chini. Akasema ramani imeshachorwa, kila kitu kifuate mstari."

"Mvua ikinyesha, uchafu wa vyoo unapenya ardhini mpaka kwenye maji. Macho hayauoni."

Josephina aliinuka. "Kumbe mwanangu ameuawa na mstari!"

Mkutano wa kijiji uliitishwa. Ndugu Eustace alisema watu wanaugua kwa sababu ni wachafu.

Anastasia alisimama. "Walichimba vyoo pale ulipowaamuru. Mchafu ni nani?"

"Suala hili nitalipeleka wilayani," ofisa alijibu.

"Lipeleke," alisema Josephina. "Sisi kesho tunachimba."

Walichimba vyoo vipya mteremkoni, mbali chini ya chemchemi. Vile vya zamani wakavifukia. Chemchemi wakaijengea kwa mawe, wakaizungushia ua. Kila nyumba ilichemsha maji ya kunywa. Anastasia aliyapima maji ya chemchemi tena na tena, mpaka vijidudu vikaisha. Kisha akaenda kupima chemchemi za vijiji vingine. Kazi hiyo aliifanya miaka mingi, hata akawa profesa.

Dominiko alipona siku zile zile. Katika mvua zilizofuata, hakuna mtoto aliyezikwa kwa kuhara.

Siku moja Ndugu Eustace alikuja kuizindua chemchemi. Alihutubia, akaisifu mipango yake, akasubiri makofi. Josephina alijitwika ndoo yake, akaondoka. Kijiji kizima kikamfuata.